Si kila uvimbe shingoni ni wa maji: Saratani adimu ya tezi za mate inavyohadaa

Na MWANDISHI WETU

UVIMBE mdogo unapochomoza chini ya sikio au chini ya taya, wakazi wengi wa miji ya Thika na Ruiru huanzia katika duka la dawa. Hauumi, hauwashi, wala haumzuii mtu kula au kwenda kazini. Vidonge vinapokwisha bila mabadiliko, mgonjwa hufika kliniki, na huko aghalabu huambiwa maneno yanayotuliza moyo: hiki ni kivimbe cha maji tu.

Mara nyingi maneno hayo huwa ya kweli. Shingo ya binadamu ina mambo mengi yanayoweza kuifanya ifure bila kuhatarisha maisha.

Hata hivyo, kuna nyakati ambapo kile kinachoitwa kivimbe cha maji huwa ni saratani ya tezi za mate. Ugonjwa huu ni adimu kiasi kwamba tabibu anaweza kuhudumu kwa miaka mingi bila kukutana nao, na ni uhaba huo unaoufanya usahaulike pale unapofaa kukumbukwa.

Waswahili husema kuwa simba mwenda pole ndiye mla nyama. Saratani hii haiji kwa kishindo. Baadhi ya aina zake hukua taratibu kwa miezi, hata miaka, zikiwa laini na zisizo na uchungu, huku mwenyewe akizoea kuupapasa uvimbe wake kila asubuhi akinyoa ndevu au akijifunga kitambaa.

Tezi za mate ni zipi?

Binadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate. Ya kwanza na iliyo kubwa zaidi ni tezi ya parotidi, iliyo mbele na chini ya kila sikio. Ndiyo inayofura mtoto anapougua matumbwitumbwi. Ya pili iko chini ya mfupa wa taya, na ya tatu iko chini ya ulimi.

Fauka ya hizo, kuna tezi ndogo mno zipatazo kati ya 600 na 1,000 zilizotawanyika katika midomo, mashavu, kaakaa na koo. Kwa pamoja, tezi hizi zote hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kila siku.

Uvimbe mwingi wa tezi za mate, takriban asilimia 80, hutokea katika tezi ya parotidi, na mwingi wa huo si saratani. Lakini kuna kanuni moja inayofaa kukumbukwa: kadiri tezi inavyokuwa ndogo, ndivyo uwezekano wa uvimbe wake kuwa saratani unavyoongezeka. Katika tezi iliyo chini ya taya, karibu nusu ya uvimbe huweza kuwa saratani. Katika tezi iliyo chini ya ulimi, sehemu kubwa huwa saratani.

Kwa hivyo, mtu aliye na uvimbe mgumu chini ya taya hafai kufarijiwa kwa takwimu za tezi ya parotidi.

Ugonjwa ulio adimu kiasi gani?

Kwa mujibu wa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani (WHO), watu zaidi ya 53,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya tezi za mate kote ulimwenguni mwaka wa 2020, na zaidi ya 22,000 wakafariki kutokana nayo. Idadi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mamilioni ya wanaougua saratani za matiti, mapafu au mlango wa uzazi.

Nchini Kenya, shirika hilo lilikadiria kuwa visa vipya vya saratani za aina zote vilizidi 44,000 mwaka wa 2022. Saratani za tezi za mate ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo.

Si ugonjwa mgeni Afrika Mashariki, lakini. Nchini Uganda, Denis Burkitt, daktari mpasuaji ambaye jina lake lilipewa saratani inayofurisha taya za watoto, alishirikiana na wenzake kuchapisha utafiti kuhusu uvimbe wa tezi za mate miongoni mwa wagonjwa wa nchi hiyo mwaka wa 1964.

Kwa nini hudhaniwa kuwa maji?

Sababu ya kwanza ni kwamba baadhi ya saratani hizi kweli huwa na majimaji ndani yake.

Aina inayotokea zaidi huitwa mukoepidemoidi. Baadhi ya seli zake bado hukumbuka kazi ya tezi, hivyo huendelea kutengeneza ute. Ute huo hukosa njia ya kutokea, ukajikusanya katika vishimo ndani ya uvimbe. Katika saratani ya aina hii iliyo ya daraja la chini, vishimo hivyo huweza kuwa vikubwa hivi kwamba uvimbe wote hubonyea kama mfuko wa maji.

Daktari akiudunga sindano, hutoka majimaji. Uvimbe hunywea mbele ya macho ya mgonjwa, naye hurudi nyumbani akiwa na furaha. Majimaji hayo yakipelekwa maabara, huweza kuwa na seli chache mno, na majibu yakaandikwa kuwa hakuna saratani iliyoonekana. Baada ya wiki kadhaa, uvimbe huo hujaa tena.

Hapa ndipo penye mtego. Kutoonekana kwa saratani katika majimaji si uthibitisho kwamba haipo. Huenda sindano ilifyonza maji na kuacha ukuta wa uvimbe ambamo seli zenyewe zimejificha.

Sababu ya pili ni wingi wa magonjwa mengine yanayofanana nayo. Vijana huweza kuwa na kivimbe cha kando ya shingo ambacho chanzo chake ni mabaki ya ukuaji wa mtoto tumboni mwa mamake. Kivimbe hiki hukaa karibu na pembe ya taya, pahali ambapo ncha ya chini ya tezi ya parotidi hufikia, na hujitokeza hasa kati ya umri wa miaka 10 na 40.

Watu wanaoishi na virusi vya HIV nao huweza kupata vivimbe vya maji katika tezi za parotidi, aghalabu pande zote mbili za uso. Kifua kikuu hufurisha tezi za limfu shingoni hata kwa mtu asiyekohoa. Mawe madogo yanayoziba mfereji wa mate pia huifanya tezi ifure.

Lakini uvimbe wa jiwe una tabia yake. Hufura na kuuma mtu anapokula, kisha hupungua baada ya muda. Uvimbe usiojali saa ya chakula, unaokaa palepale na kuongezeka polepole, ni jambo jingine.

Umri nao una uzito. Kivimbe cha maji kinachojitokeza kwa mara ya kwanza shingoni mwa mtu aliyevuka miaka 40 hakifai kuitwa cha kuzaliwa nacho kabla ya uchunguzi kamili, kwani saratani za koo, kikoromeo na tezi za mate huweza kujificha ndani ya kivimbe kama hicho.

Njia inayopoteza wakati

Tuchukue mfano wa kubuni wa fundi wa cherehani mjini Ruiru, mwenye umri wa miaka 45. Uvimbe wake chini ya sikio la kushoto una ukubwa wa punje ya mahindi. Anapewa dawa za kuua bakteria mara tatu katika vituo vitatu tofauti, na kila kituo hakijui alichopewa kwingine. Mwaka unapita.

Uvimbe unapofikia ukubwa wa ndimu, anafanyiwa upasuaji mdogo katika kliniki moja. Anaambiwa kivimbe kimetolewa chote. Jamaa zake wanakabidhiwa chupa yenye kipande cha nyama ndani ya dawa ya fomalini, waipeleke maabara. Ada ya maabara haikuwa katika hesabu yao. Chupa inawekwa juu ya kabati hadi pesa zipatikane.

Baada ya miezi minane, uvimbe unarejea juu ya kovu lilelile, na safari hii kona ya mdomo wake inaanza kulegea.

Fundi huyu hakukaidi wala hakupuuza. Alitafuta matibabu, akalipa, akafuata maagizo. Kilichokosekana ni jibu la swali moja: uvimbe huu ni nini hasa? Kila aliyemhudumia alimpa jina la ugonjwa kwa kumtazama, na hakuna aliyelithibitisha jina hilo.

Madhara ya kosa la namna hii ni makubwa. Upasuaji wa kwanza ukifanywa kana kwamba ni wa kivimbe cha maji, ukuta wake huweza kupasuka na seli za saratani kumwagika katika jeraha. Upasuaji wa pili huwa mgumu zaidi kwa sababu makovu huficha neva ya uso. Neva hiyo hupita katikati ya tezi ya parotidi, ikajigawa kuwa matawi yanayofumba jicho, kuinua nyusi na kuleta tabasamu.

Dalili za kuzingatiwa

Mwaka wa 2017, chama cha madaktari wa masikio, pua na koo nchini Marekani kilitoa mwongozo kuhusu uvimbe wa shingo kwa watu wazima. Mwongozo huo unawatahadharisha madaktari dhidi ya kutoa dawa za kuua bakteria kwa mazoea ikiwa hakuna ishara za maambukizi kama vile joto, wekundu na maumivu. Aidha unasisitiza kwamba uvimbe wenye majimaji usichukuliwe kuwa salama, bali uchunguzi uendelee hadi chanzo chake kijulikane.

Mtu mzima anafaa kutafuta uchunguzi wa kina iwapo ataona mojawapo ya haya:

- Uvimbe umekaa kwa wiki mbili au zaidi bila kupungua, au hajui ulianza lini.
- Uvimbe ni mgumu, hausogei unaposukumwa, au unazidi sentimita moja na nusu.
- Uvimbe umerejea baada ya kufyonzwa maji au kukatwa.
- Uvimbe uliokaa kwa muda mrefu umeanza kukua kwa kasi.
- Ngozi iliyo juu yake imeshikamana nao au imepata kidonda.
- Upande mmoja wa uso unalegea, ngozi ya uso inakufa ganzi au ulimi unakosa hisia.
- Mdomo haufunguki vizuri, kumeza kunatatiza au sauti imekwaruza.

Kulegea kwa uso kunastahili maelezo zaidi. Watu wengi hudhani ni kiharusi, au kwamba mtu amepigwa na baridi. Uso unaolegea ghafla ni dharura na mgonjwa anafaa kupelekwa hospitalini mara moja. Lakini uso unaolegea kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na hasa palipo na uvimbe karibu na sikio, ni ishara kwamba huenda neva inashambuliwa na saratani.

Maumivu hayapaswi kungojwa. Saratani nyingi za tezi za mate haziumi mwanzoni. Nayo aina iitwayo adenoidi sistiki ina tabia ya kutambaa kandokando ya neva, hivyo huweza kuleta maumivu au ganzi hata kabla uvimbe haujawa mkubwa.

Uchunguzi unavyofanywa

Hatua ya kwanza ni daktari kupapasa shingo yote, kutazama ndani ya mdomo na koo, na kupima jinsi misuli ya uso inavyofanya kazi. Kisha hufuata picha ya altrasaundi, ambayo haina mionzi na huonyesha kama uvimbe uko ndani ya tezi au nje, na kama ndani yake kuna maji matupu au pia sehemu ngumu.

Hatua inayofuata ni sindano nyembamba ya kufyonza seli. Ikiwa uvimbe una maji, ni bora sindano iongozwe na altrasaundi ili ifikie sehemu ngumu ya ukuta wake. Maji yakitoka na uvimbe ukabaki, kilichobaki nacho kidungwe.

Wapo wanaohofia kuwa sindano au kisu huamsha saratani na kuisambaza. Hofu hii imewafanya wengi wakatae vipimo. Ukweli ni kwamba kusambaa kwa saratani kupitia sindano nyembamba ni jambo la nadra mno, ilhali kukaa na saratani isiyojulikana ndiko kunakoipa nafasi ya kusambaa.

Tangu mwaka wa 2018, wanapatholojia wamekuwa na mfumo wa kimataifa uliopewa jina la mji wa Milan wa kuripoti matokeo ya sindano hiyo. Mfumo huo hauna majibu mawili tu ya ndiyo na la. Una nafasi ya kusema kuwa sampuli haikutosha kutoa uamuzi, na pia nafasi ya kusema kuwa asili ya uvimbe haijabainika.

Msomaji azingatie tofauti hiyo. Sampuli isiyotosha si habari njema wala mbaya. Ni agizo la kurudia kipimo.

Ikiwa kuna shaka, picha za CT au MRI huonyesha uvimbe umefika wapi. Jibu la mwisho, hata hivyo, hutolewa baada ya uvimbe wote kuondolewa na kuchunguzwa kwa darubini.

Huduma kwa wakazi wa Thika na Ruiru

Miji hii miwili imekua kwa kasi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji wa Ruiru na zaidi ya 251,000 katika mji wa Thika. Wengi wao ni wafanyakazi wa viwandani, wa mashamba ya mananasi na kahawa, wafanyabiashara wadogo na wanaosafiri Nairobi kila alfajiri kusaka riziki. Kwao, siku moja hospitalini ni siku moja bila mapato.

Mkazi wa Thika anaweza kuanzia katika Hospitali ya Thika Level 5, ambayo ni hospitali kubwa ya rufaa katika Kaunti ya Kiambu. Wa Ruiru ana hospitali ya kaunti ndogo mjini humo. Hapo aombe kuandikiwa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, au mpasuaji wa kinywa na taya.

Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyo Kahawa, ni safari fupi kutoka Ruiru. Ilianza kuwahudumia wagonjwa mwaka wa 2019 na ina kituo cha saratani kinachotoa tiba ya mionzi. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi ndiyo iliyokuwa tegemeo la wagonjwa wa saratani kwa miongo mingi, na bado hupokea rufaa kutoka kila pembe ya nchi.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya hazina ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Matibabu ya saratani ni miongoni mwa yanayogharimiwa, ingawa malipo yana kikomo. Ni busara mgonjwa aulize mapema ni vipimo gani vinalipiwa, na hasa kama ada ya mwanapatholojia imejumuishwa katika bei ya upasuaji.

Tiba na matumaini

Tiba kuu ni upasuaji wa kuondoa uvimbe pamoja na sehemu ya tezi inayouzunguka, au tezi yote. Mpasuaji hujitahidi kuihifadhi neva ya uso isipokuwa pale ambapo saratani imeivamia. Tezi za limfu za shingo huondolewa ikiwa zimeathiriwa au ikiwa hatari ni kubwa. Tiba ya mionzi hufuata kwa saratani zilizo kali, zilizogusa neva au ambazo hazikuondolewa zote.

Matokeo hutegemea aina ya saratani na wakati ilipogunduliwa. Kwa wenye mukoepidemoidi ya daraja la chini iliyoondolewa yote, zaidi ya tisa kati ya kumi huwa hai baada ya miaka mitano, na wengi hupona kabisa. Adenoidi sistiki huhitaji subira zaidi, kwani huweza kurejea au kuonekana mapafuni baada ya miaka 10 au zaidi. Mgonjwa wake haachi kwenda kliniki kwa sababu tu miaka mitano imepita salama.

Sayansi nayo inasonga. Mwaka wa 2010 wataalamu walieleza kwa mara ya kwanza saratani ya tezi za mate inayofanana na aina moja ya saratani ya matiti. Sehemu kubwa ya visa vyake huwa na kasoro ya jeni ambayo dawa iitwayo larotrektinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2018, huilenga moja kwa moja. Maendeleo kama hayo hayamfikii mgonjwa ambaye uvimbe wake haukuwahi kupelekwa maabara.

Hata walio karibu na hospitali bora duniani hawakusalimika na udanganyifu wa ugonjwa huu. Mwanamuziki Adam Yauch wa kundi la Beastie Boys la Marekani alieleza mwaka wa 2009 kwamba alihisi kijivimbe akadhani ni tezi iliyofura tu. Ilikuwa saratani ya tezi ya parotidi, naye alifariki Mei 2012 akiwa na umri wa miaka 47. Tony Gwynn, mchezaji mashuhuri wa besiboli, alikuwa ameondolewa uvimbe usio saratani katika tezi ya mate kabla ya saratani kugunduliwa mwaka wa 2010. Alifariki Juni 2014 akiwa na miaka 54.

Gwynn aliamini kuwa ugoro ndio uliomletea ugonjwa, ingawa sayansi haijathibitisha uhusiano huo. Kisababishi kinachojulikana vyema ni mionzi, kama ilivyoonekana kwa manusura wa mabomu ya atomiki nchini Japani na kwa watu waliowahi kutibiwa kwa mionzi kichwani au shingoni. Wagonjwa wengi hawana sababu yoyote inayoonekana, hivyo hawana la kujilaumu.

Maswali ya kumwuliza daktari

Mgonjwa hahitaji kusomea udaktari ili ajikinge na kosa hili. Anahitaji maswali machache, ayaulize kwa heshima na asiondoke kabla ya kujibiwa.

Je, uvimbe huu uko ndani ya tezi ya mate au nje yake? Umejuaje kuwa ni wa maji tu? Majimaji yaliyotolewa yamepelekwa maabara gani, na majibu yatatoka lini? Je, seli zilitosha kutoa uamuzi? Ukiukata, kipande chote kitachunguzwa na mwanapatholojia? Usipotoweka, nirudi baada ya muda gani?

Ni haki ya mgonjwa pia kupewa nakala ya ripoti. Aihifadhi pamoja na stakabadhi zake muhimu, aende nayo kila kliniki, ili daktari wa pili asianze upya pale alipoanzia wa kwanza.

Uvimbe mwingi wa shingoni utaendelea kuwa usio na madhara, na hakuna haja ya kila mwenye nao kukosa usingizi. Lakini jina la kivimbe cha maji litolewe baada ya kipimo, si kabla yake. Na ile chupa iliyo juu ya kabati, yeyote aliye nayo, aifikishe maabara leo.